Zaire Ilipojitafutia Masihi

Jumatano ya tarehe 25 Desemba 1974 Kisangani ilikwenda kazini. Watu wa mtaa wa Kabondo waliokuwa na ajira mjini walishika njia ya Makiso asubuhi, kwenye ofisi na maduka, kwa kuwa Krismasi haikuwa tena sikukuu ya serikali. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa imeifuta katika kalenda mwaka huohuo, na badala yake raia wakaelekezwa kusherehekea 24 Juni, siku ambayo tayari ilikuwa imebebeshwa katiba ya 1967, sarafu ya zaire na sikukuu ya wavuvi. Aliyetaka kukumbuka kuzaliwa kwa Yesu alipaswa kusali kabla ya kazi au baada yake.

Swali la kama jamii ingelazimika kumtunga Mungu endapo hayupo limezoeleka kama swali la wanafalsafa, watu wanaokaa mezani wakapima hoja kwa hoja. Nchini Zaire swali hilo lilifanyiwa jaribio kwa sheria, kwa bajeti na kwa polisi, juu ya mamilioni ya watu, na matokeo yake yalionekana. Ndiyo maana nadhani historia ya Kisangani inastahili kusikilizwa katika mjadala huu kuliko vitabu vingi.

Mfaransa Voltaire ndiye aliyelipa swali hilo umaarufu katika karne ya 18. Jibu lake lilikuwa ndiyo: Mungu asingekuwapo, ingebidi atungwe. Watu hulikariri jibu hilo na kuacha sababu zake, nazo ndizo muhimu. Voltaire, tajiri mwenye mashamba na watumishi, alisema waziwazi mahali pengine kwamba alitaka wakili wake, fundi wake wa nguo na watumishi wake wamwamini Mungu ili yeye aibiwe kidogo. Mungu huyo kazi yake ni kumsimamia mdogo wakati mkubwa amelala.

Sasa tuje mtoni.

Ng'ambo ya mto Kongo, kusini-magharibi mwa Kisangani kuelekea Opala na mto Lomami, wanaishi Wambole. Kabla ya Wabelgiji, sheria yao ilikuwa mikononi mwa lilwa, chama cha jando na hukumu. Makosa makubwa, hasa kutoa siri za lilwa, yaliadhibiwa kwa kunyongwa. Mafundi walichonga sanamu za mbao za hao walionyongwa: miili mirefu na myembamba, mabega yameshuka, mikono inaning'inia, uso umepakwa rangi nyeupe, vichwa vimeinama kidogo. Sanamu hizo zilifungwa kwa kamba kwenye machela, zikaonyeshwa kwa vijana waliokuwa jandoni. Leo nyingi ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wageni huzipita wakidhani ni sanaa ya mapambo. Zilikuwa kitabu cha sheria. Kijana aliyezitazama alijua bila kuhubiriwa kwamba mkono wa jamii ni mrefu.

Nawataja Wambole kwanza kwa sababu wanamjibu Voltaire upande mmoja. Ikiwa haja ni kumzuia mtu asiibe na asifichue siri, jamii inayo njia nyingi. Kamba inatosha, na macho ya wazee yanatosha. Kwa kazi hiyo hapana haja ya kumtunga Mungu.

Februari 1887, kule Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alikubaliana na mvumbuzi Stanley kuwa liwali wa Stanley Falls, ambayo ndiyo Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Misafara yake na ya wenzake ndiyo iliyoleta Kiswahili na Uislamu kwenye maporomoko haya. Ilileta pia minyororo, na hilo lisisahauliwe. Watu waliokamatwa katika misitu ya Lualaba waliletwa hapa wakiwa mateka. Lakini jambo moja lilitokea ambalo hakuna mfanyabiashara wa pembe aliyelipanga: mateka aliyesilimu, akajua Kiswahili na kuvaa kanzu, aliweza kuhesabiwa mwungwana. Dini ya bwana ikawa ngazi ya mtumwa. Dola ya Leopold iliwavunja nguvu Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894, ila Waungwana walibaki, na misikiti yao ikabaki pamoja nao.

Mwishoni mwa 1897 alifika Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa shirika la Moyo Mtakatifu, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na mji. Mei 1906 Vatikani ikatia saini mkataba na Dola Huru ya Kongo: misheni zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule chini ya usimamizi wa dola. Hapo ndipo Mungu wa Voltaire alipopata ofisi nchini Kongo. Mtoto wa Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, alijifunza kusoma, kuhesabu, kupiga goti na kutii, yote kwa mwalimu mmoja. Wapo mapadri na masista waliowapenda watu hawa kwa moyo wote, na kuna makaburi yao yanayoshuhudia hilo. Lakini mpango wenyewe ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuuona. Serikali, kampuni na kanisa vilikula sahani moja, na raia ndiye aliyeosha sahani.

Mdogo naye hakukaa kimya. Kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Katanga yalikuja mafundisho ya Watch Tower, ambayo vinywani mwa watu yakawa Kitawala. Wabelgiji waliyaogopa, wakawahamisha wafuasi na kuwafungia mbali na kwao, na kwa kuwahamisha wakayasambaza. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, siku za kazi za lazima vijijini zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa msituni kutafuta mpira, wengine wakapelekwa machimboni kutafuta dhahabu. Februari 1944, katika nchi ya Masisi na Lubutu, mtu wa kabila la Wakumu aitwaye Bushiri Lungundu alijitangaza mjumbe wa Yesu na kusema utawala wa Wazungu umekwisha. Waasi walikamata na kupiga Wazungu kadhaa. Jeshi likaja, wengi wakauawa. Bushiri alikamatwa, akaletwa Stanleyville, akafia gerezani mwaka uliofuata. Wafuasi wake walikataa kuamini kwamba amekufa.

Tazama tofauti. Biblia ilikuwa ileile ya Grison. Bushiri hakumhitaji Mungu ili watumishi wasiibe. Alimhitaji ili kuwe na mtu mahali fulani aliye juu ya msimamizi wa machimbo, juu ya afisa wa wilaya, juu ya Mfalme mwenyewe, ambaye mbele yake siku 120 zinaweza kuitwa wizi. Hilo Voltaire hakulifikiria, kwa kuwa yeye hakuwahi kupelekwa msituni kugema mpira.

Miaka 20 baadaye mji wote ulipitia jaribio jingine. Mwanzoni mwa Agosti 1964 kundi dogo la waasi walioitwa Simba liliingia Stanleyville, na askari wa serikali, waliokuwa wengi kuliko wao na wenye silaha bora, wakakimbia. Simba walikuwa wamepewa dawa. Mganga alimchanja mpiganaji, akampaka unga kwenye chale, akamnyunyizia maji, na kumpa miiko: asimguse mwanamke, asimguse asiyechanjwa, asigeuke nyuma, asitazame kulia wala kushoto. Akifuata hayo, risasi itageuka maji. Kilio chao cha vita, Mai Mulele, kilimtaja Pierre Mulele, kiongozi mwingine wa waasi, ambaye wakati huo alikuwa mbali sana, huko Kwilu. Anayekufa alikuwa amevunja mwiko; ndivyo dawa ilivyojitetea dhidi ya kila ushahidi.

Na juu ya dawa walimweka marehemu. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alikuwa amefanya kazi posta katika mji huu, akauawa Katanga Januari 1961, na mnara wake ukasimama katikati ya Stanleyville. Mbele ya mnara huo, mwaka 1964, watu waliohukumiwa kuwa maadui wa mapinduzi waliletwa na kuuawa hadharani. Siwezi kuandika jambo hili bila uchungu. Mtu aliyekufa akidai utu wa Mkongo aligeuzwa jiwe la kuchinjia Wakongo. Novemba 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka kwenye uwanja wa ndege. Mateka kadhaa, miongoni mwao daktari mmisionari Mmarekani Paul Carlson, waliuawa asubuhi hiyo. Baada ya hapo mamluki na jeshi la serikali waliingia katika makazi ya Waafrika na kuwaua wengi kwa kuwashuku tu. Wiki moja baadaye, Desemba mosi, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro na kiongozi mmoja wa Simba aliyemtaka naye akamkataa.

Mtu wa Kabondo aliyezaliwa, tuseme, mwaka 1935, alikuwa hajafika miaka 30 na tayari alikuwa ameona Mungu wa serikali ya Wabelgiji, minong'ono ya Kitawala na maji ya Mulele. Bado Rais Mobutu.

Mobutu alisomeshwa na wamisionari, na nadhani alichokiona kwao hakukisahau: kwamba watu huongozwa kwa nyimbo, mavazi, majina, sikukuu na picha ukutani kuliko kwa bunduki peke yake. Akavichukua kimoja baada ya kingine. Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja cha taifa. Kile cha Kisangani kilikuwa cha Waprotestanti tangu 1963. Desemba 31 mwaka huohuo sheria ikaamua ni dini zipi zitambuliwe: Katoliki, Waprotestanti chini ya paa moja, na Wakimbangu, kisha baadaye wakaongezwa wengine wakiwamo Waislamu. Mamia ya makanisa madogo yakawa, kwa karatasi, hayapo. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na padri aliyembatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, nyumba yake ilichukuliwa, naye akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa.

Mwaka 1974 ndio uliofunga kazi. Katiba iliyorekebishwa Agosti 15 iliyafanya mawazo ya Mobutu kuwa mafundisho ya taifa, kwa jina la Mobutuism, na chama chake cha MPR kikawa ndicho chombo pekee cha dola. Vitivo vya teolojia vikatolewa chuo kikuu. Waziri wa mambo ya ndani, Engulu, akatangaza kwamba Mungu amewaletea Wazaire nabii na Masihi, naye ni Mobutu. Kwamba kanisa ni MPR na injili ni Mobutuism. Na kwamba misalaba iondolewe mahali pa umma, iwekwe sura ya Masihi huyo. Mwisho wa mwaka shule za makanisa zikataifishwa zote. Kipindi cha dini kikaondoka darasani, kikaingia cha uraia wa chama.

Ibada ilikuwa kamili. Asubuhi watoto walipanga mistari mbele ya bendera, wakapiga makofi na kukata viuno wakimsifu Kiongozi. Jumamosi kulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya pamoja. Wakubwa walivaa abakosti, na kifuani pini yenye sura ya rais; wanawake walivaa kitenge chenye sura hiyohiyo, mbele na nyuma. Mama yake, Yemo, aliheshimiwa kwa namna iliyowakumbusha wengi Bikira Maria. Na kabla ya taarifa ya habari kwenye televisheni, uso wa Mobutu ulitokea mawinguni ukishuka kuwajia watazamaji.

Mfaransa mwingine, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1912 kwamba jamii inapoabudu hujiabudu yenyewe: watu hukusanyika, huimba, hucheza, na ile nguvu wanayoihisi ya kuwa pamoja huiita takatifu. Ni hoja nzito, nami siidharau. Lakini kama ingekuwa kweli tupu, Zaire ya 1974 ingefaulu. Nyimbo zilikuwapo, ngoma zilikuwapo, alama, sikukuu na miiko vilikuwapo, pamoja na fedha za shaba za kulipia yote. Kilichokosekana ni kimoja. Mwalimu wa shule ya Kabondo ambaye mshahara wake haukufika hakuwa na mahali pa kumpeleka Mobutu. Amshtaki kwa nani? Kwa Masihi, ambaye ni yeye yule? Lilwa ilikuwa na wazee wengi. Kitawala kilikuwa na Yesu aliye juu ya Wabelgiji. Hata dawa ya Simba ilikuwa na mganga aliyeweza kumwambia jemadari kwamba amevunja mwiko. Dini ya Mobutu ilifunga mlango huo, na nyumba isiyo na mlango huo watu hawakai ndani yake kwa hiari.

Bei ya shaba ilianguka. Biashara zilizonyang'anywa wageni tangu Novemba 1973 na kugawiwa wakubwa zilifilisika. Fedha za shule ziliishia mifukoni, madawati yakavunjika, nidhamu ikapotea. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia saini makubaliano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, ikawarudishia usimamizi wa shule, na kipindi cha dini kikarudi pamoja nao. Miaka miwili na miezi miwili hivi: huo ndio uliokuwa umri wa dini ya Mobutu darasani. Mei 1980 Papa Yohane Paulo II alikuja Kisangani mwenyewe, na watu walijaa njiani bila kuitwa na katibu wa chama.

Kisha mlango ukafunguliwa na mtu wa Kisangani. Laurent Monsengwo Pasinya alikuwa askofu mkuu wa mji huu kuanzia 1988. Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulifunguliwa Kinshasa Agosti 1991, na Desemba ukamchagua yeye kuwa mwenyekiti wake. Serikali ilipousimamisha Januari 1992, Wakristo waliandamana Kinshasa Februari 16, wakiwa na misalaba, rozari na matawi. Askari waliwafyatulia risasi, makumi wakafa. Aprili mkutano ukafunguliwa tena. Misalaba ileile ambayo Engulu alitaka ishushwe ukutani ilikuwa imetembea barabarani.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, lakini historia hainiruhusu. Tarehe 15 Machi 1997 Kisangani iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila. Septemba mwaka huo Mobutu alifia Rabat, Moroko. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, wageni wote wawili, yalipigana katikati ya mji huu kwa siku 6, na Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa. Katika miaka hiyo ya njaa na mizinga makanisa ya uamsho yalichipuka kila avenyu. Katika vyumba vyao vya maombi wajane walishikwa mkono na wagonjwa waliombewa usiku kucha, wakati hospitali haina hata glovu. Humohumo pia, katika miji mingi ya Kongo, manabii walianza kuwanyooshea watoto kidole kuwa ni wachawi. Watoto walifungwa, wakanyimwa chakula, wakatupwa mitaani. Ndiyo maana katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Kumbe Mungu anayetungwa chini anaweza kumla mdogo kama yule wa juu. Nabii wa avenyu naye anaweza kujifungia mlango, asiwe na wa kumwuliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa Voltaire ni hili. Jamii inaweza kutunga mungu wa kulinda mali za wakubwa, na Kisangani imetungiwa zaidi ya mmoja. Wote walikufa na serikali zao. Ambacho watu wa mji huu hawakukubali kamwe kukosa ni hakimu anayeweza kumwita mkubwa kwa jina. Kama hakimu huyo yupo kweli au watu wamemtunga, historia haina kipimo cha kuamua, na mimi ninayeamini kwamba yupo sina haja ya kuulazimisha ushahidi. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba palipokosekana yeye, watu walimtafuta mpaka gerezani na mpaka mbele ya bunduki.

Waliokuwa wanafunzi wa shule za Kabondo, Tshopo na Mangobo mwaka 1974 leo wamepita miaka 55, na walimu wao wengi wamekwisha kufa. Hao ndio walioimba mbele ya bendera na kufanya kazi siku ya Krismasi, na ushuhuda wao mwingi haujaandikwa popote. Mwenye babu, nyanya, mjomba au shangazi wa umri huo, aketi naye, amwulize alichoimba na alichokiwaza moyoni alipokuwa akiimba, aandike, ampelekee mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Kisangani au amkabidhi katibu wa parokia, kanisa au msikiti wake.